Kuyumbisha, kutikisa au kuvuruga? Naomba msaada kabla sijafuta neno la mwandishi

Kalamu Nyekundu

Habarini ndugu zangu. Swali langu ni la neno moja tu, ila limenikalisha macho siku tatu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu ili anayejua anijibu kwa uhakika.

Kazi yangu ni kusahihisha miswada. Huu nilio nao mezani ni hadithi ya chama cha akiba na mikopo kilichobakia kidogo kife. Una kurasa 214, na mwandishi wake anajua kuandika: sentensi fupi, hana mapambo, hapigi kelele. Kinachonisumbua ni kitenzi "kuyumbisha". Kimejitokeza mara 13, nimehesabu ukurasa kwa ukurasa. Barua ya siri iliiyumbisha bodi. Upepo uliyumbisha mabati ya ghala. Mhasibu aliyumbisha hesabu za mwaka mzima. Kifo cha mwenyekiti kilimyumbisha msimulizi. Uvumi uliwayumbisha wanachama. Halafu katika sura ya 7, ambayo ndiyo kitovu cha hadithi yote, watu watatu wanakutana usiku na kukubaliana "kuyumbisha uongozi".

Nikashika kalamu, nikaanza kubadili. Hapa nikaweka kutikisa, pale kuvuruga, kwingine kudhoofisha, kwingine kukosesha utulivu. Niliamini namsaidia, maana sisi wa kazi hii tumelelewa tukiambiwa neno likirudiwarudiwa humchosha msomaji. Nikampelekea sura 7 za mwanzo. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Dada, wale watatu wa usiku umewafanya watu wengine kabisa."

Nilimpigia simu. Akanieleza kwa upole kwamba wale watu hawataki kuuangusha uongozi, wala hawataki fujo. Fujo ingewaumbua. Wanataka uongozi ubaki pale pale ulipo, vikao viitwe, mihuri igongwe, ila usiweze kusimama wima ukafanya uamuzi wowote wa maana. Mimi nilikuwa nimeandika "wakakubaliana kuvuruga uongozi". Anasema kwa neno langu msomaji atategemea viti kurushwa ukumbini, na viti havirushwi hata kimoja mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilipokata simu nilikaa kimya muda mrefu. Nimesahihisha lugha hii miaka mingi na sikuwa nimewahi kujiuliza kama maneno haya yana mipaka. Kamusi zinanizungusha: kuyumbisha ni kufanya kitu kiyumbe, kuyumba ni kwenda upande huu na huu. Sawa, lakini uongozi unakwendaje upande huu na huu?

Naomba mnisaidie. Kuyumbisha lina eneo lake peke yake, au ni ndugu wa hayo mengine na naweza kuyabadilisha nitakavyo? Na kati ya hizo sentensi nilizozitaja, ipi mwandishi amekosea na ipi mimi ndiye niliyekosea?

Mshika Usukani

Dada Kalamu, pokea salamu. Sarufi nawaachia wenyewe, mimi ni mtu wa vyombo. Nimeingia jahazini nikiwa kijana sina hata ndevu, na neno hili nalijua kwa miguu kabla ya kulijua kwa mdomo. Nitakueleza ninavyolijua.

Chombo kinayumba pale wimbi linapokipiga ubavuni, kikalala upande, kisha kikarudi. Shika hilo la kurudi. Watu wa nchi kavu wanadhani kuyumba ni kulala upande tu. Hapana. Kuyumba ni kulala na kurudi, kulala na kurudi, na kila safari unajiuliza moyoni kama hii nayo itarudi. Kikilala kisirudi, hapo hatusemi tena kimeyumba, tunasema kimepinduka. Na kikiwa hakiusikii usukani, kinakwenda hovyo, mimi husema kinakwenda mrama. Ndipo wazee waliposema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Manahodha wengi wanakipoteza chombo njia.

Sasa nikuulize: ukitaka kukiyumbisha chombo cha mwenzio bila yeye kujua, utafanyaje? Ukikitikisa kwa mikono atakuona. Ukitoboa, maji yataingia na atajua kuna mkono wa mtu. Mbaya wa kweli huenda chini kabisa, gizani, akatoa farumi. Farumi ni yale mawe au mchanga tunaoutandaza tumboni mwa chombo kisipokuwa na shehena, ili uzito ukae chini. Toa farumi, bahari ikiwa shwari chombo kinaonekana kizima. Tanga limejaa, kamba zimekazwa, nahodha amesimama mahali pake. Lakini wimbi la kwanza la maana likija, kinalala kuliko kinavyopaswa, na kinachelewa kurudi. Hapo umekiyumbisha.

Niliposoma habari za watu wako watatu wa usiku, dada yangu, niliona watu wanaotoa farumi. Mwandishi wako yuko sahihi na ningekuwa karibu ningempa mkono.

Kuna kisa cha meli ya kivita ya Sweden iliyoitwa Vasa, mwaka 1628. Ilijengwa ndefu kwenda juu, na safu mbili za mizinga, na farumi iliyowekwa chini haikutosha kuulinganisha uzito wa juu. Kabla haijaondoka walifanya jaribio: wanaume 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kisha warudi, ili waone inayumba kiasi gani. Walipokimbia mara tatu, mkubwa wao akaamuru waache, maana meli ilikuwa inalala kiasi cha kutisha. Hata hivyo ikaruhusiwa kuondoka. Tarehe 10 Agosti ikatoka Stockholm, ikaenda kama mita 1,300, upepo mdogo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama. Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikainuliwa mwaka 1961.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya wale watu 30. Waliiyumbisha meli kwa miguu yao tu, hawakuvunja ubao hata mmoja. Na haikuwa wao walioizamisha. Walichofanya ni kuonyesha kwamba farumi haitoshi. Kwa hiyo hata hiyo barua ya siri iliyoiyumbisha bodi, uliza: bodi ilikuwa na farumi?

Meza ya Habari

Naheshimu sana maelezo ya mzee wa jahazi, lakini naomba tusilifanye neno kuwa gumu kuliko lilivyo. Sisi wa habari tunaandika "kuvuruga amani", "kutikisa serikali", "kuyumbisha uchumi" kila siku, na msomaji anaelewa. Nafasi ikiwa finyu kwenye kichwa cha habari, nachukua lenye herufi chache. Ushauri wangu kwa dada ni kwamba mara 13 ni nyingi, apunguze ziwe 5 na hayo mengine ayagawe.

Mwalimu wa Viambishi

Ndugu Meza ya Habari, mifano yako mitatu inakupinga wewe mwenyewe. Umeandika kuvuruga *amani*, kutikisa *serikali*, kuyumbisha *uchumi*. Yabadilishe mahali uone. "Kuyumbisha amani" hakuna asemaye hivyo, sikio linakataa. "Kuvuruga uchumi" linasemeka, lakini hapo umeshamtafuta mtu wa kumlaumu. Mkono wako ulichagua vizuri, ila hukuuliza kwa nini.

Ndugu Kalamu, nimefundisha uambishaji miaka mingi na swali lako limenifurahisha, kwa hiyo nitakuomba utulie nami kidogo. Jibu limo ndani ya vitenzi vyenyewe.

Angalia kutikisa. Ni kitenzi kinachotaka mtendwa tangu mwanzo. Lazima awepo mtikisaji na kinachotikiswa. Ukitaka kumwondoa mtendaji, unaongeza kiambishi: mti *umetikisika*. Kuvuruga vilevile: anayevuruga na kinachovurugwa, kisha mambo *yamevurugika*. Kupindua, kupinduka. Kutibua, kutibuka. Vitenzi hivi vyote vinaanzia kwa mtu au nguvu ya nje, halafu lugha inamfuta.

Kuyumba kimekuja kinyume. Kinaanzia ndani ya kitu chenyewe. Mti unayumba, mlevi anayumba, imani inayumba. Hakuna aliyetajwa. Ukitaka kumtaja anayesababisha, ndipo unapoongeza *-ish-* (au *-esh-*), ukapata yumbisha, kama unavyopata *pikisha* kutoka pika na *somesha* kutoka soma. Na kama vile anayekusomesha hasomi yeye bali unasoma wewe, ndivyo anayekuyumbisha hayumbi yeye. Anakufanya *wewe* uyumbe, kwa uzito wako na kwa udhaifu wako mwenyewe.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka uishike. Kutikisa ni kazi ya mtikisaji. Kuyumbisha kunahitaji kitu ambacho kilikuwa kimesimama kwa mizani yake, kikaondolewa mizani hiyo, kikaanza kujisumbua chenyewe. Jiwe kubwa lililolala chini unaweza kulitikisa. Huwezi kuliyumbisha, halina pa kuyumbia.

Kutokana na hapo utaona kwa nini kuna "asiyeyumba" na "asiyeyumbishika", na si kitu kimoja. Asiyeyumba ni mtu ambaye msimamo wake umetulia, basi. Asiyeyumbishika ni mtu aliyejaribiwa. Wamemwendea na ahadi, wamemwendea na vitisho, wamerudi mikono mitupu. Kiambishi kidogo cha katikati kimebeba habari za wote waliomjaribu.

Tazama pia majina yaliyozaliwa. Kuvuruga kumetupa *vurugu*. Kutikisa kumetupa *mtikisiko*, na mnakumbuka tulivyosema "mtikisiko wa uchumi duniani" baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka Septemba 2008: kitu kimepigwa mahali pamoja, kishindo kimefika kwingine kote. Kupindua kumetupa *mapinduzi*. Haya yote ni matukio, yana siku na saa. Kuyumba hakukuzaa jina la tukio lililoenea hivyo. Tunasema tu "kuyumba kwa uchumi", tunakiacha kitenzi kama kilivyo, kwa sababu kuyumba ni hali inayoendelea. Hakuna saa ambayo unaweza kuandika kwamba kuyumba kulitokea.

Sasa sentensi zako. Mhasibu "aliyumbisha hesabu" si sahihi, na hapo wewe uko sawa kabisa. Hesabu hazina mizani ya mwili wa kupoteza. Ama zimepangika ama zimechanganywa. Aliye­changanya *amevuruga* hesabu. Ukivuruga kitu, kila kipande kipo lakini hakipo mahali pake, kama maji yaliyotibuliwa: matope yalikuwepo tangu awali, umeyapandisha juu tu. Weka "alivuruga" bila woga.

Bodi kuyumbishwa na barua, sawa. Wanachama kuyumbishwa na uvumi, sawa sana. Ndiyo matumizi ya neno yaliyokomaa kuliko yote. Sura ya 7, usiguse.

Kipato cha Kesho

Naongeza dogo kutoka kwetu vijana. Mtu akikwambia "mwezi huu nimeyumba", anamaanisha hana hela, lakini hasemi amefilisika. Anakwambia nimelala upande, nitarudi. Kwa hiyo maneno ya mzee wa jahazi kuhusu kurudi yapo hata huku mitaani, bila sisi kujua yametoka baharini. Kingine: "huyu ananiyumbisha" tunasema juu ya mtu anayekupa ahadi leo, kesho nyingine, mpaka unashindwa kupanga mambo yako. Yeye hajakufanyia ubaya wowote unaoonekana. Ila umekaa miezi minne hujui uende au ubaki.

Kalamu Nyekundu

Nimesoma kila jibu mara mbili. Mzee Mshika Usukani, asante, shikamoo. Mwalimu, asante pia. Ndugu wa Meza ya Habari, usione nimekutenga. Hadi juzi nilikuwa nafikiri kama wewe.

Nimerudi kwenye mswada na kalamu ya risasi, si nyekundu, nikapitia zile sehemu 13 upya. Kuna moja nilikuwa nimeipita bila kuiona, ipo ukurasa wa 58. Mmoja wa wale watatu ni katibu wa chama. Kila mwanachama anayekuja kuomba mkopo anaambiwa "njoo Jumatatu", Jumatatu anaambiwa "kamati haijakaa", na mwandishi anasema: "Aliwayumbisha hivyo, mmoja mmoja, kwa tabasamu." Mimi nilikuwa nimeibadili ikawa "aliwazungusha". Si kosa, watu husema hivyo. Lakini sasa naona mwandishi alikuwa anajenga. Katibu anaanza kwa kuyumbisha mtu mmoja mmoja ukurasa wa 58, na ukurasa wa 120 anakwenda kuyumbisha uongozi mzima kwa njia ile ile, tabasamu lile lile. Neno ni moja kwa sababu tendo ni moja. Nilipoliondoa pale mwanzo nilikata mzizi, na sura ya 7 ikabaki inaning'inia. Nimesikia uchungu kwa kweli. Nimeirudisha.

Swali langu la pili ni la kutaka kujua mpaka. Neno "hujuma" mwandishi hakulitumia popote, na mwenzangu ofisini ananishauri niliweke sura ya 7: "kuuhujumu uongozi". Mnasemaje? Pia bado nina sehemu mbili sijazielewa. Mabati ya ghala na upepo ni ya kwanza. Ya pili ni kifo cha mwenyekiti: "Habari ile iliniyumbisha." Moyo wangu unataka "ilinitikisa", lakini sasa siuamini moyo wangu haraka.

Mwalimu wa Viambishi

Kuhujumu lina nia ndani yake. Hakuna anayehujumu kwa bahati mbaya. Ukimwita mtu mhujumu umeshamshtaki. Wanaokumbuka Tanzania ya mwaka 1983 na msako wa wahujumu uchumi wanajua neno lile lilivyokuwa zito, mtu alilala huru akaamka nalo. Kuyumbisha hakudai nia. Upepo unayumbisha, uvumi usio na mwenyewe unayumbisha, hata mtu mwema anaweza kuyumbisha jambo kwa kusita kwake. Swali la kumuuliza mwandishi ni moja: msomaji wa sura ya 7 anatakiwa awe ameshawahukumu wale watatu, au aendelee kuwatazama? Kwa ulivyomwelezea, nadhani anataka tuwatazame. Mwambie mwenzako aliache hujuma likae nje, au limtoke mhusika fulani mdomoni baadaye, siku ya hasira.

Habari ya kifo inategemea sentensi inayofuata. Ikifuata kwamba alikaa chini, alilia, mikono ikafa ganzi, basi ni kutikiswa: pigo limekuja, limempata, linapita. Ikifuata kwamba alianza kujiuliza kama abaki chamani au aondoke, ni kuyumbishwa. Na kama alisahau siku, akachanganya majina ya watoto wake, hapo akili ilivurugika. Soma mstari unaofuata utuambie.

La mabati nawaachia mafundi.

Fundi wa Nguzo

Mabati hayayumbi. Bati likipigiliwa kwenye kenchi linatikisika, linagonga, linang'oka. Kuyumba kwa kazi yetu ni kwa kitu kirefu kilichosimama au kilichotandazwa hewani: nguzo, mnara, daraja la kuning'inia. Lazima kiwe na uwezo wa kupinda na kurudi. Kwa hiyo sentensi ile ibadili, ila kama mwandishi anasema *ghala zima* liliyumba, basi nguzo zake zina tatizo na hilo ni jambo kubwa zaidi.

Naomba niongeze jambo linalomuunga mkono mwalimu, kwa sababu sisi tumelipa gharama kulijua. Daraja la Tacoma Narrows huko Marekani lilifunguliwa Julai 1940. Novemba 7 mwaka huo huo lilianguka, kwa upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, ambao kwa daraja la ukubwa ule si upepo wa kutisha. Upepo haukulitikisa kama mtu anavyotikisa mwembe. Daraja lilipoanza kujisokota, ule mwendo wake wenyewe ndio uliokuwa ukichukua nguvu zaidi kutoka kwenye upepo, likajisokota zaidi, likachukua zaidi. Mwendo wa daraja ulijilisha.

Na la pili, lisilo na maafa. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 10, 2000. Watu walipojaa, likaanza kwenda kushoto na kulia kidogo. Mtu akiwa juu ya kitu kinachoyumba hupanua miguu na kufuata mwendo ili asianguke. Basi watu mamia wakawa wanafuata mwendo mmoja bila kuambiana, na kila hatua yao ikalisukuma daraja pale pale lilikokuwa linaelekea. Lilifungwa baada ya siku 2, likawekwa vifaa vya kupunguza mwendo, likafunguliwa tena Februari 2002. Hakuna aliyekusudia kuliyumbisha. Kila mmoja alikuwa anajizuia yeye asiyumbe.

Hili la pili ndilo ninalolifikiria ninaposoma habari za wanachama wako na uvumi. Mtu anasikia chama kinayumba, anakwenda kutoa akiba yake ili ajiokoe. Wa pili anamwona, naye anakwenda.

Halafu tusichanganye kuyumba na kuinama. Mnara wa Pisa ulianza kujengwa mwaka 1173 na umeinama karne zote hizo. Ulifungwa mwaka 1990, udongo ukachimbwa kidogo kidogo upande wa kaskazini, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Umeinama bado, lakini hauyumbi. Nimekutana na waandishi wanaosema taasisi "inayumba" kumbe imeegemea upande mmoja tu, na imeegemea imara kabisa.

Mshika Usukani

Fundi umesema. Chombo nacho kikipakiwa vibaya kinasafiri kimelala upande mmoja safari nzima, hatusemi kinayumba. Tunasema kimelalia ubavu. Na marahaba, Dada Kalamu.

Kalamu Nyekundu

Nimesoma mstari unaofuata ile habari ya kifo. Unasema: "Kwa wiki nzima nilikuwa nafika hadi mlangoni pa ofisi, narudi." Mnaona? Anafika, anarudi. Mwandishi aliandika "iliniyumbisha" akamaanisha, na mimi nilikuwa nimeweka "ilinitikisa" juu ya mtu anayekwenda na kurudi mbele ya mlango siku saba.

Kwa hiyo hesabu yangu imekaa hivi. Hesabu za mhasibu zimekuwa "alivuruga". Mabati yamekuwa "yalitikisika". Kulikuwa na sentensi ya "kuyumbisha ratiba ya kikao", nayo nimeipa "kuvuruga". Na moja ukurasa wa 171, bodi inaelezwa kuwa "inayumba" wakati kwa kweli wajumbe wote wamekubaliana kumtii katibu. Hiyo nimemwandikia mwandishi pembeni, kwa maneno ya fundi, kwamba bodi hii imelala upande mmoja na haiyumbi tena, je, ndicho anachotaka kusema? Hizo nyingine 9 zimebaki kama zilivyo.

Amenijibu leo asubuhi. Ile ya ukurasa wa 171 ameifuta mwenyewe, akaweka: "Bodi ilikuwa imelalia ubavu." Ananiuliza nimelipata wapi neno hilo. Mzee Mshika Usukani, naomba ruhusa yako nimwambie.

Mshika Usukani

Mwambie. Na kama ana nafasi ya neno moja zaidi, mwambie juu ya farumi.